Pumzi ya Salamu

Kabla jogoo hajawika, Kristiana alisikia mumewe akipuliza moto. Fuu. Kimya. Fuu. Kimya kirefu zaidi.

Alikuwa amelala chali, blanketi limefika puani, maana mwezi wa sita baridi ya Ufipa huingia ndani hata ukiziba matundu yote. Alikuwa bado nusu usingizini, anaota kwamba ni msichana tena na anachota maji kwenye ukungu, ndoo haijai. Sauti ile ya kupuliza aliijua kuliko kengele ya kanisa. Tangu walipooana, Clemens ndiye aliyekuwa akiamka kwanza. Anafukua majivu, anapanga magunzi ya mahindi juu ya kaa lililobaki, anapuliza mara moja kwa pumzi ndefu, na moto unashika. Kisha anamletea mkewe maji ya moto ya kunawa uso. Ujanani wenzake walimcheka kwa hilo, wakamwita bibi harusi. Hakuacha.

Asubuhi ile pumzi ya tatu haikuja. Badala yake ikasikika pa, pa, pa, mfuniko wa sufuria ukipepea makaa.

Kristiana akafumbua macho. Akakumbuka kwamba mfuniko ule amekuwa akiusikia siku nyingi, labda tangu maharage yalipovunwa, ila usingizi ulikuwa ukimwambia ni kuku wanajipigapiga mbawa.

"Baba Jastin," akaita. "Moto umekataa?"

"Magunzi yana umande," Clemens akajibu kutoka jikoni.

Magunzi yalikaa darini, juu ya meko, makavu kama mifupa. Kristiana alilijua hilo, na Clemens alijua kwamba analijua. Akasubiri maji yake ya moto. Yalikuja, yamechelewa kidogo.

Clemens alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kusaga pale Pito. Zamani alisaga kwenye mashine ya kijiji. Ile ilipokufa kwa kukosa vipuri, na serikali ilipofungua milango ya biashara kwa kila mwenye uwezo, mfanyabiashara mmoja, Adolfu, alileta mashine mpya kutoka Mbeya, akaijengea kibanda juu ya mwinuko karibu na barabara, akamchukua Clemens pamoja na ujuzi wake. Kwa hiyo maisha yake yote ya utu uzima Clemens alikuwa akivuta unga. Jioni alirudi nyumbani mweupe nyusi, mweupe kope, mweupe mpaka ndani ya masikio, na Kristiana alimpangusa kwa kanga mlangoni kabla hajaingia. Juu ya unga aliongeza tumbaku, aliyoisokota kwenye kipande cha gazeti. Akikohoa alisema, "Unga huo, unatafuta njia ya kutoka," na watu walicheka.

Kutoka kwao bondeni mpaka mashineni njia ni ya kupanda tu. Na ni katika njia hiyo habari ya salamu ilipoanza.

Wafipa ni watu wa salamu. Ukikutana na mkubwa wako unachuchumaa, unapiga makofi polepole, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na mwenzako anajibu moja moja bila haraka. Lakini vijana wa siku hizi walikuwa wamejifunza kusema "mambo" wakiwa wanapita, na ile "poa" ikawakuta wameshakupa mgongo. Basi ilipoonekana kwamba Mzee Clemens, mtu wa umri wake, anachuchumaa njiani mbele ya kila anayekutana naye, hata mbele ya wadogo zake, watu walishangaa.

"Mama Jastin, siku hizi mumeo unampikia nini?" jirani yake Silvana alimuuliza kisimani.

"Kwani kafanyaje?"

"Kanichuchumalia! Mimi, Silvana, niliyezaliwa yeye tayari ana ndevu. Kapiga makofi, kauliza habari za mama mkwe. Nikamwambia, mzee, mama mkwe si tulimzika pamoja? Akasema, basi nipe habari za kaburi lake."

Wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika.

"Anagombea huyo," mmoja akasema. "Si wanasema kuna uchaguzi wa vyama vingi? Amekwisha anza kampeni."

Kristiana akacheka pamoja nao. Lakini alipojitwika ndoo, kicheko kilibaki kisimani. Alimjua Clemens. Alikuwa mwema, ndiyo, ila hakuwa mtu wa maneno mengi. Habari za kaburi hakuwahi kuziuliza hata za wazazi wake.

Haukupita muda vijana wawili wa chama kipya wakaja nyumbani jioni, viatu vyao vina vumbi la baiskeli, wakauliza kwa heshima mzee anasimama kwa tiketi ya nani. Kristiana alitegemea mumewe atawacheka. Clemens akawatazama, akakohoa, akasema, "Bado natafakari." Wakaondoka wameridhika, na yeye akabaki amekaa, anaangalia chini kama mtu aliyeuza kitu kisicho chake.

Siku moja Clemens alisahau uji wake. Kristiana akautia kwenye chupa ya chai, akamfuata.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani, na matuta ya shamba yalitokeza hapa na pale kama migongo ya wanyama wanaolala. Nusu ya mwinuko, mahali pakali kuliko pote, palikuwa na boma la Nyanda. Nyanda alikuwa Msukuma wa makamo, mrefu, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Mkewe alifia njiani, kabla hawajafika. Watu wa Pito hawakumfukuza, lakini hawakusimama kwake. Ng'ombe wake waliwahi kuingia kwenye mahindi ya watu, na tangu siku hiyo aliitwa "yule wa ng'ombe."

Kristiana alimwona mumewe mbele yake, akataka kumwita, kisha akasita. Clemens alikuwa amesimama peke yake kwenye ukungu. Mkono wa kulia ulikuwa kifuani, umebandikwa bapa. Ukapanda mpaka tayani, ukashuka, ukausugua mkono wa kushoto kuanzia begani. Kinywa kilikuwa wazi. Katika baridi ile shingo yake iling'aa kwa jasho.

Nyanda akatokea mlangoni mwa boma. Hapo hapo Clemens akachuchumaa.

"Mwangaluka," alisema, salamu ya Kisukuma, aliyojifunza Kristiana hajui lini. Akapiga kofi. Akangoja. Akapiga jingine. Akangoja. "Habari za hapa... Ndama amelalaje?"

Nyanda naye akachuchumaa, mtu mrefu kama yule, akaanza kujibu kwa furaha, ng'ombe kwa ng'ombe. Kristiana, nyuma ya majani, aliyatazama makofi ya mumewe na kuona kwamba kila moja linasubiri pumzi. Aliona aibu, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga mtoni. Akarudi polepole na chupa yake ya uji, akapita njia ndefu ya kuzunguka, ili afike mashineni kama mtu ambaye hakuona kitu.

Jioni alimpangusa unga kama kawaida. Alipomaliza masikio alisema, "Unapumzika."

"Nani?"

"Wewe. Ukisalimia."

Clemens akachukua kanga mkononi mwake, akajipangusa mwenyewe mahali palipokwisha safishwa. "Unataka nisimame njiani niheme kama ng'ombe aliyelimishwa mchana kutwa? Adolfu akisikia mtu wake wa mashine hana pumzi, kesho ataleta kijana. Afadhali waseme nagombea."

"Na mkono unaousugua?"

"Nimebeba magunia tangu nikiwa na meno yote."

"Na kifua?"

"Kifua ni unga. Zahanati walipima makohozi wakasema si TB. Basi. Kifua ni cha unga, mkono ni wa magunia. Kila kimoja kina sababu yake, mama. Usivifunge kamba moja."

"Twende hospitali mjini."

"Siku hizi wanachangisha pesa."

"Nina maharage."

"Baada ya mavuno. Sasa hivi watu wanapanga foleni mpaka barabarani." Kisha, kwa sauti nyingine, "Maji yako ya asubuhi yamepoa siku hizi?"

"Hayajapoa."

"Basi."

Kristiana alilala akiwa amempa mgongo, akisikiliza kifua cha mumewe kikiimba nyimbo ndogo ndogo kama filimbi za watoto. Katika usingizi aliota anasaga ulezi kwenye jiwe la mama yake, na unga unaotoka ni ukungu, na ukungu unajaza nyumba.

Yaliyotokea siku ya tatu yake, Nyanda aliyasimulia baadaye, na kila aliposimulia alijishika kichwa.

Clemens alifika bomani, akachuchumaa, akapiga kofi moja. La pili halikuja. Nyanda akachuchumaa pia, kama kawaida. Alikuwa amejifunza adabu ya Wafipa kwa mtu mmoja tu, na hakutaka kuikosea: anayesalimiwa hainuki kwanza akamwacha mwenzake chini. Kwa hiyo alisubiri. Clemens aliinamisha kichwa. Nyanda naye akainamisha. Ukungu uliwapita katikati. Nyanda alifikiri, leo mzee ameniheshimu kuliko siku zote, akamkumbuka mkewe, akatamani angekuwepo aone. Wakakaa hivyo, watu wazima wawili wamechuchumaliana kwenye nyasi zenye umande, mmoja anaheshimiwa na mwingine anakufa.

Kisha Nyanda akaona tone la jasho likianguka kutoka kidevuni mwa Clemens. Halafu jingine.

"Mzee. Mzee wangu, vipi?"

"Nimesahau," Clemens akasema kwa shida, "jina la ndama." Akalala ubavu.

Nyanda alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akatandika nyasi kavu na shuka lake la begani. Alipiga kelele kuelekea bondeni mpaka Kristiana akapanda mbio, kilemba mkononi. Safari ya mjini waliienda taratibu, mashimo yakirukwa moja moja. Nyanda alitembea mbele ya ng'ombe akiwabembeleza kwa Kisukuma. Kristiana alikaa nyuma, kichwa cha mumewe mapajani. Pembeni mwa barabara vijana waliokuwa wanachoma mahindi walimtambua Clemens, wakapunga mikono.

"Mheshimiwa huyo! Mheshimiwa anapita! Mzee, kura zetu unazo!"

Clemens alitaka kuinua mkono awajibu. Kristiana aliushika, akaurudisha kifuani.

Hospitalini walimlaza kitanda kimoja na mgonjwa mwingine, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Kristiana alilala chini ya kitanda. Mke wa yule mgonjwa mwingine, mwanamke kutoka kijiji cha Msanzi asiyemjua kabisa, usiku alimsogezea nusu ya mkeka wake bila kuulizwa jina, na jambo hilo Kristiana alilikumbuka kuliko sindano zote.

Clemens alipopata nafuu ya kukaa, muuguzi alimpa mrija wenye kipimo, kuna kijiti ndani kinachosukumwa na pumzi.

"Vuta pumzi yote, babu, halafu puliza kwa nguvu. Mara moja."

Clemens akapuliza. Kijiti kikajongea kidogo, kikakaa.

"Babu! Hupoozi uji hapo. Puliza!"

Wagonjwa wa karibu wakacheka, si kwa ubaya, ila walicheka. Clemens akapuliza tena. Kristiana alimtazama mashavu, akaona ni mashavu yale yale yaliyokuwa yakiwasha moto kwa pumzi moja, akageuka akatazama dirishani mpaka muuguzi alipomaliza.

Daktari aliitwa Gaudiosa, mwanamke mdogo wa umbo, sweta limetoboka kiwiko. Hakusimama juu yao. Alivuta kiti akakaa, akainua picha ya eksirei kwenye mwanga.

"Mapafu yako yamechoka, baba. Unga, moshi, tumbaku. Lakini tazama hapa ulipo moyo. Picha hii haioneshi kila kitu, ila hapa unapita mshipa unaoulisha moyo wenyewe damu, na mimi naona weupe. Mama, birika lako la chai ndani likoje?"

"Lina ukoko," Kristiana akasema. "Mweupe. Nimekwangua, hautoki."

"Hivyo hivyo. Mshipa umeingiwa na kitu kigumu kama chokaa, umekuwa mwembamba. Akipanda mlima, moyo unadai damu, damu haitoshi. Ndiyo maumivu ya kifua, ya taya, ya mkono."

"Mkono ni wa magunia," Clemens akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza.

"Mkono ni wa moyo, baba."

"Sasa ugonjwa wake ni mapafu au ni moyo?" Kristiana akauliza.

"Ni vyote viwili, mama, vinalala chumba kimoja. Sisemi mapafu ndiyo yametia chokaa. Kipi kinamvuta mwenzake, hata wanaochunguza bado hawajui vizuri. Lakini mtu ambaye mapafu yake hayapulizi sawasawa, mara nyingi ukiangalia moyoni unakuta mishipa nayo imeanza kuwa migumu. Kwa hiyo ukisikia kifua kinaimba, usiseme ni unga tu. Uliza na moyo."

Clemens aliitazama picha. Kisha akamtazama mkewe.

"Kumbe kamba ni moja."

Kristiana hakumwambia nilikwambia. Alimfunika miguu.

Daktari aliwaandikia vidonge vya kila siku, na vingine vidogo vya kuweka chini ya ulimi maumivu yakija. Tumbaku basi. Mashine basi. Mlima basi, mpaka atakapomwona tena, na hata hapo mwendo wa taratibu mahali tambarare.

"Na salamu?" Clemens akauliza.

Daktari hakuelewa. "Salamu salimia tu, baba. Hazijawahi kumdhuru mtu."

Nyumbani watu walikuja kumpa pole. Adolfu alileta unga kwenye mfuko, akakosa pa kuuweka, akaukumbatia wakati wote wa mazungumzo. Kijana wa mashine alikwisha mpata. "Mfunge kitambaa puani," Clemens akamwambia. "Kila siku, hata akikataa." Kesho yake kijana yule alionekana amejifunga, na Kristiana akamwombea Adolfu mema.

Silvana alikuwepo siku Nyanda alipokuja na kibuyu cha maziwa. Silvana hana baya, ila mdomo wake haujui mlango.

"Kumbe mzee hukugombea chochote!" alisema akijipiga mapaja. "Ulikuwa unatafuta pumzi tu! Mimi najiona nimeheshimiwa, kumbe nimechuchumaliwa na pafu!"

Watu walicheka, Clemens mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Nyanda hakucheka. Aliweka kibuyu chini.

"Hata pale kwangu?" akauliza.

Clemens alifungua kinywa, kikohozi kikamtangulia, na kilipokwisha, mlango ulikuwa wazi na Nyanda hayupo.

Siku zilizofuata Clemens alikaa kwenye kigoda barazani, ameelekea mwinuko. Ukungu ulishuka, ukapanda, ukashuka. Alitafuna kijiti mahali pa tumbaku. "Mama," aliuliza kila jioni, "yule wa juu kapita?" Akajibiwa hajapita. Aliposimama aende nusu ya njia akamweleze, Kristiana alikaa mlangoni, miguu ameinyoosha, na Clemens hakuweza kumruka.

"Utakufa kwenye mlima ule kwa ajili ya salamu?"

"Nimemwacha chini," Clemens akasema. "Nimenyanyuka, nikamwacha amechuchumaa."

Lakini kulikuwa na jambo moja. Kila alfajiri, kabla jogoo hajawika, Kristiana alisikia mlangoni kitu kikiwekwa polepole, tok, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akitoka anakuta kibuyu kimejaa, maziwa bado ya uvuguvugu, na kile cha jana kimeondolewa. Mtu hayupo. Nyanda alikuwa amekasirika, lakini hakuwa amekasirika hata mgonjwa akose maziwa.

Asubuhi moja Kristiana aliamua. Akaamka mapema, akajifunga blanketi, akakaa nyuma ya mlango gizani. Tok. Akafungua.

"Ingia, baba," akasema. "Moto umenikataa. Pumzi yangu nayo ni ya kibibi."

Haikuwa kweli. Hakuwa amejaribu.

Nyanda alisimama na umande mabegani. Kisha akainama, maana mlango ulikuwa mfupi kwake, akaingia jikoni, akapiga magoti mbele ya meko. Akapuliza mara moja. Fuuuu. Magunzi yakashika, jiko zima likawa jekundu.

Clemens alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani, ameshika fremu. Aliisikia pumzi ile. Akaja, akakaa kwenye kigoda, wakatazama moto wote watatu.

"Mwanzo kilikuwa kifua," Clemens akasema. "Sikudanganyi. Pale kwako ndipo pakali kuliko pote. Ningekuta jiwe ningelichuchumalia jiwe."

Nyanda akatikisa kichwa, macho motoni.

"Lakini kifua hakiulizi jina la ndama, Nyanda. Mbula. Anaitwa Mbula, kwa sababu alizaliwa mvua inanyesha, na mama yake ana pembe moja imepinda. Jina nililikumbuka hospitali, mguu wa mtu mwingine uko puani kwangu. Pale kitandani sikuwa na mlima wa kupanda. Nililitafuta tu. Nilitaka kujua amelalaje."

Maji yakaanza kuimba kwenye sufuria. Kristiana akajifanya anatafuta majani ya chai mahali ambapo anajua hayapo.

"Mbula ameota pembe," Nyanda akasema mwishowe. "Ndogo. Ukimshika unazisikia kwenye vidole."

"Eh! Tayari?"

"Tayari."

Wakanywa chai ya maziwa. Waliongea habari za ng'ombe mpaka nje kukawa kweupe na ukungu ukaanza kuachia mlima. Nyanda akainuka kwenda kuwafungulia wanyama. Mlangoni akageuka. Akachuchumaa, mtu mrefu kama yule, akapiga makofi polepole, akauliza habari za kifua, za mkono, za vidonge, za usingizi, moja moja. Clemens alijibu moja moja, ameketi, kila jibu na pumzi yake, na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Mimi kupanda siwezi tena," Clemens akasema zilipokwisha. "Usiniwekee kibuyu mlangoni kama mwizi anayerudisha mali. Gonga. Uje tena, Nyanda. Uje unisalimie."